Osha Gari Hadi Uvunguni

Gari la familia likiwa bado jipya, huoshwa pale panapoonekana: bodi, vioo, rimu. Lakini kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, adui hukaa uvunguni. Chumvi ya bahari huvuta unyevu hewani, na ikichanganyika na tope hung'ang'ania kwenye maungio ya chuma na kuharakisha kutu. Wapo watakaosema gari jipya limepakwa kinga kiwandani. Ni kweli, ila kokoto za barabarani huichubua kinga hiyo, na kutu huanzia kwenye mchubuko mdogo tu. Wengine watalalamikia bei ya maji. Basi ipunguzwe kazi ya juu, maji yaelekezwe chini. Tena sabuni kali ya unga ya kufulia, ambayo wengi huipenda, huondoa nta inayolinda rangi.