Mama Hana na Mtoto Samweli

Huko Banalia, kandokando ya mto Aruwimi, wazazi huulizana: mtoto apelekwe lini shule ya watoto wadogo? Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 yampokea tangu miaka 3. Shule ya msingi huanza miaka 6. Basi nafasi ya kufikiri ipo.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha Hana, mama wa Samweli. Mumewe Elkana alipokwea Shilo kutoa sadaka, Hana alikataa kwenda mpaka mtoto aachishwe kunyonya. Wala Elkana hakumkaripia. Ndipo Samweli akapelekwa kwa kuhani Eli. Ile ilikuwa nyumba ya Mungu, lakini wana wa Eli walikuwa waovu, wakinyang'anya nyama ya sadaka mbele ya altare! Hana hakumtupa mwanawe huko. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea mwenyewe. Na ili imwenee, ilimpasa kujua amekua kiasi gani.

Mzazi naye aende kwanza kutazama: nani anawalinda watoto? Mto u karibu? Mtoto aweza kusema haja yake? Akiona mashaka, amweke nyumbani mwaka mmoja tena, ajifunze Ishara ya Msalaba magotini pa mama yake.