Dola na Zamu Yake

Tumeulizwa mara nyingi katika darasa zetu, na zaidi na wafanya biashara, je, dola ya Marekani yaanguka? Na aliye nazo chache sandukuni azifanyeje? Swali hili si la kidunia tupu kama wadhaniavyo baadhi ya watu, kwani ndani yake mna mali za mayatima, na mahari, na madeni, na hayo yote ni amana.

Kabla dola haijawa fedha vinywani mwetu ilikuwa ni utawala, na asili yake ni Kiarabu, nayo ina maana ya kupokezana zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Fedha ile jina lake limetoka kwingine, katika thaler ya Wajerumani, lakini kukutana kwa maneno mawili haya kuna mazingatio.

Na thaler wazee wetu waliijua. Walinunua na kuuza kwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 ijapokuwa mwenyewe alikufa mwaka huo huo. Ikaja rupia ya Kihindi. Mwaka 1920 ikaletwa florini, nayo haikukaa, kwani mwaka 1921 ilifuatwa na shilingi iliyofungwa kwa pauni ya Kiingereza. Na pauni siku zile ndiyo iliyokuwa sultani wa fedha. Mwaka 1949 Waingereza wakaishusha kutoka dola 4.03 hata dola 2.80, na mwenye shilingi zake Mombasa akapungukiwa pamoja na mwenye pauni zake London, wala hakuna aliyemtaka shauri.

Dola iliukalia ufalme huo kwa ahadi. Mwaka 1944, huko Bretton Woods, ilikubaliwa kuwa dola 35 ni wakia moja ya dhahabu, na serikali za nje zikidai dhahabu zipewe. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon akaifunga hazina, na tangu siku hiyo dola yasimama kwa kuaminiwa tu. Kuaminiwa huko kumepungua. Mwaka 2000 dola ilikuwa zaidi ya 70 katika kila 100 za akiba za serikali za dunia. Mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa kiasi cha 58. Mwaka 2022 Marekani na wenzake wa Ulaya waliizuia akiba ya Urusi yenye thamani ipatayo dola bilioni 300, na wengine wakajiuliza: kesho ni zamu ya nani? Katika mwaka huo na miwili iliyofuata, benki kuu za dunia zilinunua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kila mwaka.

Lakini wanaoshangilia wamefanya haraka. Katika kila biashara 10 za kubadili fedha ulimwenguni, dola imo katika yapata 9. Yuan ya Uchina haitoki kwao illa kwa idhini ya serikali yao, na nani ataweka akiba mahali asipojua kama ataruhusiwa kuitoa? Na ndugu zetu waletewao riale kutoka Saudia wakadhani wameepukana na dola, nawajue kuwa riale hiyo imefungwa kwa dola, riale 3.75 kwa moja, tangu mwaka 1986. Ni dola iliyovaa kanzu.

Mwaka 2025 serikali yetu ilibadili mikopo ya reli ya Mombasa na Nairobi kutoka dola kuwa yuan, ili riba ipungue. Nafuu ipo, hatuikatai. Illa riba ndogo nayo ni riba, na mwenye kuwiwa kwa fedha ya mwingine humtegemea mwenye fedha, awe Washington au Beijing.

Sasa turudi sandukuni. Msimamizi wa mayatima ambao chakula chao na karo yao hulipwa kwa shilingi hana ruhusa, kwa tuonavyo, kununua dola kwa mali yao na kukaa akingojea bei. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160, watu wakazikimbilia. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa kiasi cha 129. Aliyefanya hivyo kwa mali yake, hasara ni yake. Kwa mali ya yatima ataulizwa.

Na kumezuka ugomvi baina ya watu wawili: mmoja alimkopesha mwenziwe dola 1,000 wakati ule, na leo adai shilingi 160,000. Hana haki hiyo. Haki yake ni dola 1,000, kwani deni hulipwa kwa mfano wake, nayo ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Shafi, na Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliamua vivyo hivyo mwaka 1988. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alitazama thamani pale sarafu zinapogeuka bei, na kauli yake ina uzito wake; lakini mkopeshaji huyu hakuitaja siku ya kukopesha, ameikumbuka leo. Mdaiwa akipenda kumwongezea kwa ihsani, pasipo sharti, na amwongezee. La hapendi, ampe dola zake 1,000 mbele ya mashahidi, na hati ya deni ichanwe.