Mwanga wa Kutosha

Wahenga walisema kwamba mmulika nyoka huanzia miguuni pake. Methali hii niliisikia tangu utotoni, nikaifundisha darasani, na mara nyingi nikaitumia kuwakanya wengine. Lakini maana yake ilinikaa moyoni siku mama yangu mzazi alipoanguka gizani, hali mimi mwanawe nilikuwa nimemnunulia tochi yenye mwanga mkali kuliko tochi zote za kijiji kile. Kisa hicho ndicho kilichoniachia swali ambalo nataka tulifikiri pamoja, msomaji wangu: mwanga wa kutosha ni kiasi gani? Na tunapomchagulia mtu kitu kizuri, uzuri huo tunaupima kwa macho ya nani?

Mama anaishi kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, njia ya kutoka Muheza kwenda Amani. Choo cha nyumba yake kiko nje, hatua kama thelathini kutoka mlango wa uani, na njia yake inashuka kwa ngazi za udongo ambazo wakati wa masika huteleza kama sabuni. Mtu wa umri wake huamka mara mbili au tatu usiku. Umeme umefika barabarani, kwenye maduka, lakini haujafika kwake.

Nilipokuwa mtoto nyumba ile ilikuwa na koroboi jikoni, chemli sebuleni, na tochi ya bati ya marehemu baba iliyokula betri tatu kubwa. Betri zile hazikuwa za tochi peke yake. Saa ya taarifa ya habari ilipokaribia, baba alizitoa akazitia katika redio. Taarifa ikiisha, zilirudi katika tochi. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati, nazo zikapata uhai wa usiku mmoja au miwili. Zikifa kabisa, watoto tulizipasua tukapeleka unga wake mweusi shuleni kupakia ubao. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa bora. Mwanga wa tochi ile ulikuwa wa manjano na dhaifu. Nasema tu kwamba kila mtu nyumbani alijua namna ya kuihudumia, hata mimi niliyekuwa na miaka saba.

Mwaka 2019 nilimpelekea mama tochi mpya. Juu ya boksi lake iliandikwa kwamba inatoa lumeni 1,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika taa. Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12. Betri yake ilikuwa ya lithiamu, imefungiwa ndani kwa skrubu na gundi, haitoki. Jioni ile niliitoa nje nikaiwasha, na migomba ya ng'ambo ya bonde ikaonekana jani kwa jani. Watoto wa majirani walipiga makofi. Mama aliziba macho kwa kiganja akasema, "Ahsante, baba. Hii ni kama taa ya gari." Nilidhani ananisifu.

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, kwa hiyo sina udhuru wa kutojua. Mwanga unapokwenda mbali hutawanyika. Ukitaka kuona mbali mara mbili, unahitaji nguvu mara nne. Jicho nalo halihesabu kama mfanyabiashara: ukiongeza mwanga mara mbili, jicho halioni mara mbili, huona nyongeza tu. Tena jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali hupoteza mazoea yale, na huchukua karibu nusu saa kuyarudisha yote. Jicho la mzee huumizwa na mng'ao zaidi kuliko la kijana. Haya yote nilikuwa nimeyaandika ubaoni mara nyingi. Lakini nilipokuwa dukani sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtoto wa kiume anayetaka kurudi nyumbani na kitu kikubwa.

Masika ya mwaka 2021 mpwa wangu alinipigia simu alfajiri. Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi akaangukia mkono wa kulia, na kifundo kilikuwa kimevunjika. Nilifika kesho yake. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa plasta, na ukili aliokuwa akisuka umewekwa kando. Nilimwamkia, kisha nikauliza swali ambalo hata leo naona haya kwamba ndilo lililotangulia.

"Mama, tochi ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa dukani, baba. Ilipelekwa kuchajiwa, umeme ukakatika. Ilikuwa imelala huko usiku wa pili."

"Sasa kila ikiisha chaji wewe unalala gizani?"

"Si kila siku. Usiku mmoja tu, ikizidi miwili."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitazama mkono wake. "Ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi sana."

Msomaji wangu, nimelaumiwa mara nyingi maishani, lakini sijapata lawama iliyosemwa kwa upole kama ile. Mama alikuwa ameibeba furaha yangu kwa karibu miaka miwili, akailinda isivunjike, mpaka ukavunjika mkono wake. Zawadi niliyompa ilikuwa na nguvu nyingi, lakini nguvu yenyewe haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa kwa mwenye duka, na kwa mafundi wa umeme, na kwa kijana wa kutumwa. Tochi ilipohitaji chakula ilimbidi iondoke nyumbani nzima nzima, nayo ilipoondoka ilikwenda na mwanga wote.

Mkono wake ulipokuwa ukipona nilikwenda Kariakoo kutafuta tochi ya pili, na safari hii nilianzia miguuni: miguu ya mama na zile hatua thelathini. Niliamua tochi iwe ya betri za AA, zile betri ndogo zinazouzwa katika kila duka lenye chumvi na kiberiti, ambazo redio yake na saa yake ya ukutani huzitumia pia. Na betri zenyewe ziwe za kuchaji, za nikeli, ili asitupe sumu shambani kila mwezi wala asinunue mpya kila mara. Zamani betri za namna hii zilikuwa na aibu moja: ukiziweka kabatini wiki chache ulizikuta zimejimaliza zenyewe. Tangu mwaka 2005 zimekuwapo za aina inayotunza sehemu kubwa ya chaji yake hata baada ya mwaka mzima.

Nilichagua tochi inayotumia betri moja tu. Ziko zinazotumia mbili, tatu au nne, na hung'aa zaidi, lakini betri zilizopangwa msururu zina taabu yake. Ikiwamo moja dhaifu, huisha kabla ya wenzake, nao huendelea kuisukuma kinyume mpaka huiharibu. Ndiyo maana hukatazwa kuchanganya kuukuu na mpya. Mama hawezi kukumbuka ipi ni ya lini. Betri moja haina wa kugombana naye. Nilihakikisha pia kwamba tochi inakubali betri ya kuchaji, maana hiyo ina volti 1.2 badala ya 1.5 za betri ya kawaida. Mwenye duka alinitolea nyingine ya umbo lilelile la AA, ya lithiamu, yenye volti 3.7. Ukiitia hiyo katika tochi au redio isiyotengenezewa nguvu hiyo, unaweza kuiunguza. Nikamrudishia. Nikarudisha pia betri za nikeli zilizoandikwa miliampea-saa 4,000, kwa sababu mwili ule haubebi kiasi hicho; zilizo nzuri huwa kama 2,000, na zilizojazwa sana hufika 2,500 au kuzidi kidogo. Nimejifunza kumwamini zaidi anayenitajia namba ndogo.

Tochi yenyewe hutoa lumeni kama 100 ikikazwa, kwa muda wa saa mbili hivi, na lumeni kama 10 ikipunguzwa, kwa usiku kadhaa. Kumi ni kama mshumaa, lakini mshumaa ulioelekezwa chini, usiozimwa na upepo. Kwa kushuka ngazi zile, kumi zinatosha. Mia moja ni za siku mbwa wanapobweka.

Nilinunua betri nne na chaja yake. Moja hukaa katika tochi, moja ni ya akiba, mbili hukaa katika redio. Zinazochoka ndizo hupelekwa dukani kuchajiwa. Tochi yenyewe hailali nje hata siku moja. Umeme ukikatika wiki nzima, mama anaweza kutuma mtoto akanunue betri za kawaida, zikaingia na kufanya kazi, mradi zisitiwe katika chaja.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, hakukubaliana nami. Alisema, "Mjomba, umerudi nyuma. Betri moja ya lithiamu, ile nene, inabeba karibu wati-saa 10. Hiyo AA yako haifiki hata wati-saa 3. Ni kama mara nne!"

Anasema kweli, na ni vizuri kumpa mtu haki yake. Ningekuwa mlinzi wa shamba kubwa, au mvuvi anayetafuta mlango wa bandari usiku, ningetaka nguvu hiyo, ila ningetafuta tochi ambayo betri yake inatoka. Wala sitaki kuwafundisha watu kuridhika na unyonge. Wako wanaowahubiria maskini kutosheka hali wao wenyewe wana jenereta uani. Lakini nilimwambia mpwa wangu asome pia maandishi madogo ya boksi. Kwa mujibu wa kanuni za upimaji zilizowekwa Marekani mwaka 2009, saa za tochi kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ulivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo tochi inaweza kuandikwa lumeni 1,000 na saa kadhaa, na yote mawili yakawa kweli, lakini si kwa wakati mmoja. Tunanunua dakika za mwanzo, kisha tunaishi na saa zilizobaki.

Naona mambo mengi ya maisha yetu yako hivyo. Harusi, uchaguzi, hata urafiki, huandikwa kwa mwanga wa dakika za mwanzo. Sifa ya kitu chenye nguvu kubwa huonekana papo hapo, mbele ya watu. Sifa ya kitu kinachohudumika huonekana usiku wa mwaka wa tatu, wakati hakuna wa kupiga makofi. Na sisi tunaotoa zawadi huwapo siku ya makofi tu.

Liko jambo jingine ambalo sikulitarajia. Mwaka uliofuata, mtoto wa jirani alishikwa na homa kali usiku, wazazi wake wakataka kumpeleka zahanati, na tochi yao ndogo ikawa haina kitu. Walibisha hodi kwa mama. Mama aliwafungulia redio, akawapa betri zake mbili, akabaki na tochi yake mkononi. Asubuhi walizirudisha, na mtoto alikuwa amepata dawa. Aliponisimulia hakuona kwamba ni jambo la ajabu. "Zilikuwamo tu kwenye redio," alisema. Tochi ile ya lumeni 1,000 angeweza kuwapa yote au kuwanyima yote, kuigawa isingewezekana. Nikakumbuka betri za baba zilizokuwa zikihama jioni kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kitu cha kawaida kina jamaa wengi, na mwenye kitu hicho hapati shida kuwa karimu.

Je, nimelijibu swali? Sina hakika. Nikiulizwa leo mwanga wa kutosha ni kiasi gani, nitasema ni ule unaouonyesha mguu pa kukanyaga, usiomfanya unayekutana naye afumbe macho, na unaokuwapo kila usiku unapohitajiwa. Lakini nakiri kwamba nikipita Kariakoo nikaona tochi mpya zikishindana kwa namba, mkono wangu bado huwasha moja na kutafuta ukuta wa mbali.

Mkono wa mama ulipona, ingawa haukunyooka sawasawa, na ukili anausuka polepole zaidi kuliko zamani. Nilipomtembelea mara ya mwisho nililala chumba cha uani. Usiku wa manane nilisikia komeo likifunguliwa, nikachungulia dirishani. Nilimwona kwa nyuma akishuka ngazi, ameinamisha tochi, na mbele yake duara dogo la mwanga linalotosha nyayo mbili. Sikutoka kumsaidia. Nilisubiri gizani mpaka nikasikia komeo likirudi mahali pake.