Neno la Mtawala na Nafsi Zetu



Mwaka 1866 lilitokea jambo Marekani ambalo twaona lina mazingatio kwetu. Vita vya kaskazini na kusini vilikuwa vimekwisha, na utumwa umeharimishwa. Lakini majimbo ya kusini yakatunga sheria za kumfunga tena aliyefunguliwa: mweusi asiye na kazi hukamatwa, hutozwa faini, na akishindwa kulipa hukodishwa kwa nguvu.

Ndipo Kongresi, baraza lao la kutunga sheria, ikapitisha sheria ya kumfanya mtu mweusi aliyezaliwa nchini humo kuwa raia, mwenye haki ya kufanya mapatano, kushitaki, kurithi na kumiliki mali kama mzungu. Raisi Andrew Johnson akaikataa, akidai yampendelea mweusi. Katiba yao humpa Raisi ruhusa ya kukataa. Lakini mabaraza yote mawili yakishikilia kwa thuluthi mbili za kura, sheria hupita ijapokuwa hataki. Tarehe 6 Aprili Seneti ilipiga kura 33 kwa 15. Tarehe 9 Baraza la Wawakilishi likapiga 122 kwa 41. Ikapita.

Sisi hatulistaajabii hilo. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipotawalishwa aliwataka watu wamsaidie akienda sawa, na wamnyoshe akipotoka.

Lakini tazameni yaliyofuata. Haukupita muda mrefu, walioshinda wakachoka kuilinda haki waliyoipigania, na mtu mweusi akadhulumiwa karibu miaka mia, hata mwaka 1964 ikabidi itungwe sheria kubwa nyingine. Raisi alishindwa, kibri cha nyoyo hakikushindwa.

Na sisi je? Hapa pwani utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1907. Leo hapana serikali imzuiayo mjukuu wa mtumwa. Amzuiaye ni sisi, posa inapokuja. Kijana ana dini na tabia njema. Hatuulizi sala yake, twauliza babu yake alikuwa mtumwa wa nani, kisha twajibu: si kufu yetu. Msikitini twasimama naye bega kwa bega, nyumbani twamfungia mlango.

Dini yetu imekwisha kuhukumu kuwa ubora ni kwa uchaji Mungu, nasi twaikataa hukumu hiyo kama Johnson alivyoikataa ile. Wala hapana baraza litakalotushinda kwa kura. Yapasa kila mmoja aishinde nafsi yake.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.