Zimwi na Jirani

Siku moja nilipopita Mkwajuni, katika mkoa wa Songwe, kijana mmoja alinifuata baada ya Misa, akanikabidhi daftari. "Baba Padre," akasema, "nimeandika hadithi. Naomba uisome, kisha uniambie kama ni dhambi." Nikaisoma usiku ule ule hata ukurasa wa mwisho. Ilikuwa habari ya mchimba dhahabu aliyeshuka shimoni akaukuta mji wa majini chini ya ardhi. Kijana yule amejaliwa kipaji.

Swali lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni nyepesi, na ya pili ni nzito. Nasi twazoea kubishana juu ya ile nyepesi.

Sehemu ya kwanza ni hii: je, kusimulia mambo yasiyokuwako si kusema uongo? La, sivyo. Mwongo ni yule asemaye kinyume cha ayajuayo ili mwenzake adanganyike. Msimulizi hana nia hiyo, na mtoto aitikiaye "Pakawa!" ajua vema ni mlango gani anaoingia. Mtakatifu Augustino alikwisha kufundisha kwamba si kila kilichobuniwa ni uongo, maana chaweza kuwa mfano wa kweli. Tena, katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotoka kujitafutia mfalme: mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mti wa miiba ukakubali. Miti haisemi, lakini habari yenyewe ilikuwa ya Abimeleki, aliyejipatia ufalme kwa damu ya ndugu zake.

Basi, majini ya kijana yule hayakunitia wasiwasi. Kilichonitia wasiwasi ni bibi kizee. Katika hadithi ile mwovu ni bibi mwenye macho mekundu, akaaye peke yake pembezoni mwa kijiji. Ni mchawi tangu mstari wa kwanza hata anapochomwa moto, na kijiji kizima kinashangilia. Asubuhi nilimwuliza kijana: "Bibi huyu alizaa watoto? Alipokuwa msichana alicheka na nani? Macho yake yalipataje wekundu?" Hakuwa na jibu. Hakuwa amemfikiria hata kidogo.

Hapo ndipo penye sehemu ya pili. Zimwi la hadithi za babu zetu halina nyumba kijijini, wala hakuna aliyekutana nalo kisimani. Bibi mwenye macho mekundu tunakutana naye kila siku. Amepuliza moto wa kuni miaka arobaini, na moshi umemwachia alama. Katika nchi yetu hii, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho ya namna hiyo. Hali kadhalika, katika miaka ya 2000 na baada yake, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga waliwadanganya wachimba dhahabu na wavuvi kwamba viungo vile huleta utajiri. Hiyo nayo ilikuwa hadithi ya kubuni, ila wasikilizaji hawakuambiwa kuwa ni hadithi. Ilimvua mtu jina lake, mama yake na maumivu yake, ikamfanya kiumbe cha ajabu.

Mtu ataniambia: "Mwandishi hakushika panga." Ni kweli, wala simhesabii hatia ya mwuaji. Lakini mwenye kulisha mawazo ya watu hana budi kujua watu wake wanaumwa nini. Chakula kimoja humfaa mzima na kumdhuru mgonjwa.

Je, basi, tusiandike waovu? Tutakuwa tumeandika uongo wa namna nyingine. Tumtazame marehemu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili wanageuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea. Majina yao ni Hasidi na Mwivu. Waweza kudhani majina yamekwisha kuwahukumu. Lakini Adili, anayelazimishwa kuwapiga kila usiku, anawapiga kwa uchungu, maana chini ya manyoya yale anawaona ndugu zake. Tazama tofauti: hadithi moja inamfanya jirani kuwa mnyama, na nyingine inatuonyesha ndugu ndani ya mnyama.

Vivyo hivyo Mkatoliki J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, katika hadithi yake ndefu ya pete, iliyotoka mwaka 1954 na 1955. Yuko humo kiumbe dhalili, Gollum, mwizi na mwuaji. Mara nyingi wenzake wangeweza kumwua, nao wakamhurumia. Mwishoni Frodo mwenyewe anashindwa kuitupa pete, na kazi inatimia kwa sababu Gollum aliachwa hai.

Imani yetu yatufundisha kwamba Mungu hakuumba mtu mwovu. Mtu huwa mwovu kwa kuchagua. Kwa hiyo mhusika aliyezaliwa mwovu, asiyechagua neno lolote, ana kasoro mbili: ni kinyume cha imani, na hana uhai katika hadithi. Sisemi kila mwovu aokolewe katika ukurasa wa mwisho. Na apotee, ikiwa ndivyo hadithi inavyokwenda. Ila tuoneshwe mlango uliokuwa wazi, naye akakataa kuingia.

Nilimjibu kijana kwamba si dhambi kumwandika jini. Bali aogope kumwandika mwanadamu kana kwamba ni jini. Alirudi na daftari lake nyumbani, na sijui atafanya nini na bibi yule. Nanyi wazazi, watoto wenu wanapowasimulia habari za mchawi fulani, za shuleni au za mtaani, waulizeni hayo niliyomwuliza kijana: bibi huyo ana watoto? Macho yake yalipataje wekundu?