Machungwa ya mgonjwa mwingine

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa lililo karibu na kituo chetu cha daladala, mkononi nina cheti cha mdogo wangu. Muuzaji alikisoma, akaninong'oneza: "Hizi ni za nani?" Nami nikanong'ona. Akahesabu vidonge, akaandika "1x1 usiku" juu ya bahasha, akanikabidhi. Kugeuka, nyuma yangu amesimama jirani yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani tena anaumwa huko nyumbani?"

"Ni mama. Ile presha yake."

Mama yangu hana presha. Maneno yalinitoka tu, laini kabisa, kama kwamba yamekuwa mdomoni miaka yote yakisubiri kuulizwa.

Jioni jirani alikuja na mfuko wa machungwa. Aliketi sebuleni karibu saa nzima, akamsihi mama apunguze chumvi na asiwaze sana. Mama alinitazama mara moja, akaelewa, akaitikia: "Ahsante, naendelea vizuri." Katika chumba cha uani, mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani mlango umefungwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba asitoke. Mgonjwa alikuwa yeye. Pole zikaenda kwa mtu mzima wa afya.

Tangu siku hiyo sipati raha. Najiuliza, kwa nini presha ilinijia haraka kuliko ukweli?

Sikilizeni tunavyosema. Mtu ana malaria. Hatusemi yeye ni malaria. Ana sukari, ana pumu, ana kifafa. Lakini akiugua akili, hatuishii kusema ana kichaa. Tunasema ni kichaa. Jina la ugonjwa linageuka jina lake, na mtu mwenyewe anapotea: fundi seremala aliyetengeneza meza tunayolia chakula, kijana aliyekuwa akimsindikiza mama sokoni. Hata hospitali hatukuiacha. Mirembe ya Dodoma inatibu watu tangu mwaka 1927, lakini mitaani jina lake ni tusi. Sijasikia mtu akigombana na mwenzake akamwambia, "Wewe ni wa Ocean Road." Hiyo ni hospitali ya saratani, na saratani tunaionea huruma. Akili tunaicheka.

Najua wapo watakaonijibu. Mmoja ataniambia watu hawa ni hatari. Wengi wao hawamgusi mtu. Wanaopigwa mawe na watoto mchana kweupe huku watu wazima wakitazama ni wao. Mwingine atasema mambo haya ni ya kurogwa, hospitali haiyawezi. Sigombani na anayetaka kuombewa. Nyumbani kwetu pia tunaomba. Ninachomsihi ni kimoja: dua isimzuie mgonjwa kumeza dawa zake.

Mwenye hoja nzito ni wa tatu, kwa sababu anazungumza kwa sauti yangu. Anasema: siri inamlinda. Watu wakijua, nani atampa kazi? Nani atamwoza binti yake? Nimeishi na hoja hii miaka mingi, na nimeona matunda yake. Tulipoficha, tulichelewa kumpeleka kwa daktari, kwa kuogopa kuonekana tukipanga foleni. Yeye mwenyewe aliacha dawa mara mbili, kwa sababu mikono ilitetemeka na wageni wangeuliza. Mara zote mbili alirudi kitandani akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunajikinga na kicheko cha watu, tukidhani tunamlinda ndugu yetu.

Na nchi hii imewahi kuvuka mto kama huu. Walio na umri wangu wanakumbuka tulivyosema mtu "ana ngoma" au "amekanyaga miwaya", jinsi vyombo vya mgonjwa vilivyotengwa, na jinsi kila marehemu alivyosemwa amekufa kwa kifua. Kisha Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe wakapima virusi vya UKIMWI hadharani jijini Dar es Salaam. Aibu haikwisha siku ile. Lakini leo tunasema mtu anaishi na virusi, na anakwenda kliniki kuchukua dawa zake. Maneno yalibadilika kwa sababu kuna watu walikubali kuyasema mbele za watu. Ya akili nayo yanangoja watu wa namna hiyo, na siwezi kumsubiri rais aje kuanza nyumbani kwangu.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba mdogo wangu ruhusa. Alifikiri kwa muda mrefu, akinywa maji, maana dawa zinamkausha kinywa. Kisha akasema: "Andika, kaka. Ila usiandike mimi ni kichaa. Andika naumwa."

Anaumwa. Ndiyo habari yenyewe, nayo haina aibu zaidi ya presha. Aibu iko kwangu niliyemfungia mlango siku mgeni alipokuja kumjulia hali mgonjwa.

Kesho nitapita kwa jirani yetu. Nitamwamkia, nimwambie kwamba mama hana presha, na kwamba machungwa yale yalikuwa ya mdogo wangu. Halafu nitamkaribisha aje tena, na safari hii mlango wa uani utakuwa wazi.