Friza ya Pili na Mpaka wa Kutosha

Nchini Marekani, baadhi ya wenye magari ya makazi, yaani magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, huongeza friza juu ya jokofu lililokuja na gari, na kitendo hicho kidogo huibua swali la kale: mtu ana haki ya kujiwekea kiasi gani? John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alishikilia katika andiko lake la mwaka 1689 kwamba mtu asijitwalie zaidi ya anachoweza kukitumia kabla hakijaoza, na kwamba fedha, kwa kuwa haiozi, ndiyo iliyoulegeza mpaka huo. Friza, ambayo Locke hangeweza kuiwazia, hufanya kazi ileile, kwani nyama iliyoganda haimkumbushi mwenyewe kwamba amezidisha.

Hata hivyo mpaka haufutiki, bali huhamia kwenye betri: friza ya wati 45, mota yake ikizunguka nusu ya siku, hula takriban wati-saa 540 za nishati, ilhali betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, isiyofaa kushushwa chini ya nusu, hutoa takriban 600 tu. Kitabu cha Kutoka katika Biblia nacho hugusa swali hilo la akiba, kikisimulia kwamba mana, chakula cha Waisraeli jangwani, iliyolazwa iliingia mabuu, isipokuwa ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Kilichoitofautisha ni kusudi, wala si wingi. Kwa kipimo hicho, friza ya anayekaa wiki mbili katika jangwa la Arizona, mbali na maduka, ina hoja. Ya anayeegesha karibu na soko kila jioni haina.